Nani Aliyeiokoa Neema Mpya?

Sogeeni karibu. Mwenye kazi ya kudumu akae nyuma. Hadithi hii ni yetu sisi tunaoomba kazi tukajibiwa "we will get back to you".

Walikuwepo watatu katika kituo kimoja cha utafiti wa anga huko pwani, wote wana digrii, wote wako attachment mwaka wa pili. Attachment, yaani kazi bila mshahara iliyopewa jina la Kizungu ili isiumize. Kadzo alikuwa na mikono: kilichovunjika kwa wengine, kwake kinapona. Barasa alikuwa na macho: alisoma nambari jinsi wazee wanavyosoma matangazo ya vifo, hairuki hata moja. Fumo, mzaliwa wa Pate aliyewahi kuwa karani wa meli, alikuwa na kumbukumbu.

Kituo chao kiliunda setilaiti ndogo, ukubwa wa mkate. Mkate tu! Kila meli ina kifaa kinachotangaza nambari yake na mahali ilipo, lakini minara ya nchi kavu husikia zilizo karibu. Zilizo mbali tulimwachia Mungu. Mkate ule, ukipita juu, unazisikia zote. Kama hilo halikusisimui, nenda kapimwe.

Wiki mbili kabla ya setilaiti kurushwa, antena iliyoagizwa ng'ambo ilivunjika ikijaribiwa kwa kutikiswa. Nyingine ingechukua miezi minne, na roketi haingoji mtu. Kadzo akaenda duka la hardware, akanunua futi ya fundi, ile ya chuma inayojikunja, akaikata, akailehemu, akaikunja ndani. Michoro iliyotiwa sahihi ilisema vingine. Ruhusa hakuomba. Huko juu futi ikajikunjua sawasawa, ndipo akasema alichofanya. Mkurugenzi, Bi Sanguli, alimpa mkono wa pongezi na barua ya onyo, siku hiyohiyo.

Barasa ndiye aliyeandika programu ya kuchambua ishara. Aliiamuru: nambari ya meli iliyokufa, tupa. Lakini kila asubuhi, chai mkononi, alilipitia pipa la vilivyotupwa, maana kwao, alisema, mchele huchambuliwa na takataka zake huchambuliwa tena. Jumanne moja, saa nne, akakuta humo nambari ya meli iliyokatwakatwa vyuma chakavu miaka mitatu nyuma. Setilaiti ikapita tena. Marehemu alikuwa amesogea maili tatu, ubavu-ubavu kama chombo kilichozima injini, kuelekea miamba.

Bi Sanguli akampigia Kapteni Bunu wa boti la uokoaji. Kapteni akacheka. Hachomi mafuta kufukuza mzimu, akasema. Meli hiyo sasa hivi ni masufuria jikoni kwa watu.

Fumo, aliyeikumbuka nambari ile, akaomba simu.

"Shikamoo, Kapteni. Nambari ni ya marehemu, lakini kifaa kiko ndani ya meli ya Neema Mpya. Walikinunua mtumba. Nilikifunga mimi nikiwa karani wao, nikaambiwa nambari itabadilishwa safari ijayo, nikanyamaza."

"Miaka mitatu umenyamaza?"

"Miaka mitatu. Nifunge ukirudi, lakini mle huwa mna watu kumi na tisa. Nenda."

Akaenda. Akaikuta Neema Mpya injini imezima, redio imelowa, maji magotini, na kile kifaa cha mtumba peke yake kinalia kwa betri yake. Miamba ilikuwa inaonekana kwa macho. Wakatolewa wote kumi na tisa, wazima! Kituoni watu walirukaruka kama timu imetwaa kombe, na Bi Sanguli akamkumbatia askari wa getini, ambaye hajui mpaka leo kwa nini.

Kisha wizara ikatoa zawadi: nafasi ya kudumu, moja. Hotuba ndefu, nafasi moja! Attachment za watatu hao zinaisha Ijumaa, na atakayekosa anarudi kwao na bahasha ya vyeti.

Bi Sanguli akawaita wajitetee. Kadzo akasema bila futi yake wangekuwa wanasikiliza ukimya. Barasa akajibu kwamba futi ilisikia, sawa, lakini sauti ingeozea pipani. Fumo akasema boti lingekuwa bado limefungwa gatini kama si yeye.

"Kaka Fumo," Kadzo akamkatiza, "bila wewe kusingekuwa na mzimu wa kufukuzwa."

Barasa akacheka, naye Kadzo akamgeukia.

"Wewe unacheka nini? Nani aliyeifundisha kompyuta kuwatupa hao kumi na tisa?"

"Nami nikuulize, dada. Futi ile ingekwama, nani angekuwa ameigeuza setilaiti kuwa kopo?"

Kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Bi Sanguli ameshika kalamu. Usiniambie "wote watatu". Fomu ina mstari mmoja, nimeiona. Kalamu hiyo ikiwa mkononi mwako, unaandika jina la nani? Na wale wawili utawaambia nini, machoni?