Biskuti za Bi Mwanahija

"Biskuti ikipoa hukakamaa." Ndilo neno lililonitoka sasa hivi, nanyi mmecheka mpaka mmemwaga chai. Haya, chekeni mmalize, kisha mnyamaze niwaambie lilikotoka.

Lilianzia Pangani, nyumbani kwa mwanamke aliyeitwa Bi Mwanahija. Biskuti zake za shayiri na nazi hazikuwa na mfano. Nazi aikune mwenyewe, aikaange kidogo mpaka inukie, aichanganye na shayiri, samli na sukari guru, kisha aoke kwenye sufuria pana, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Alikuwa na binti mmoja tu, Siwema, na kazi hiyo alimfundisha tangu mdogo. Siku ya kwanza Siwema alibonyeza biskuti iliyotoka motoni, ikabonyea, akataka kuirudisha. "Wacha wee!" mama akamwambia. "Ikiwa moto huwa laini. Ngoja ipoe, utaona itakavyokaza yenyewe."

Siwema akaolewa, akapata mtoto wa kiume. Mtoto hakutimiza mwaka, homa ikamchukua. Msiba, jamani! Nyumba imejaa wanawake, Siwema yuko mkekani hajijui, na mama yake naye uchungu umempanda kichwani, maana alikuwa mjukuu wake wa pekee. Ndipo akasema neno ambalo heri ulimi ungekatika kabla ya kulitamka: "Ungemleta kwangu homa ilipoanza, leo tusingekuwa hapa."

Wanawake wote wakageuka kumtazama.

"Mama," Siwema akasema, amemshika mkono, machozi yanamchuruzika, "sema hukukusudia. Sema tu, mama, yaishe."

Bi Mwanahija alitaka kusema. Wallahi alitaka. Lakini wanawake wote walikuwa wakimtazama, na haya ikamkaba. Akautoa mkono wake, akajitanda kanga vizuri.

Kesho yake asubuhi alikwisha kuvaa buibui aende akamwombe mwanawe radhi. Dada yake, Bi Tabu, akamzuia mlangoni.

"Unakwenda kukitonesha kidonda? Mwache apoe kwanza."

Maneno ya busara, sivyo? Kila aliyeulizwa alisema hayo hayo. Na Bi Mwanahija naye alipenda kuambiwa hivyo, maana kumwomba radhi mtoto uliyemzaa si kazi nyepesi. Akangoja arobaini ipite. Akangoja tena masika yaishe. Roho ilikuwa ikimla, hali akashiba, halali akapata usingizi.

Mwishowe akakuna nazi, akaoka, akazitia biskuti kwenye kopo, akaenda.

Siwema alimpokea kwa adabu zote. Akamwamkia, akamtandikia mkeka mpya, ule wa wageni, akamletea maji kwenye sinia. Hakununa, hakulia. Bi Mwanahija alipouona mkeka ule, aliliweka kopo juu yake, yeye akaketi sakafuni.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikosa."

"Nimekusamehe, mama," Siwema akajibu, kwa sauti ya mtu anayemjibu muuza samaki.

"Mbona basi hunitazami?"

Siwema akachukua biskuti, akaibonyeza kwa kidole gumba. Haikubonyea. Akaivunja, ikalia ka!

"Siku ile, mama, ungenigusa tu ningeanguka mapajani pako. Ulinifundisha wewe mwenyewe biskuti inavyokaza, umeoka maisha yako yote. Halafu mimi ukaningoja nipoe?"

Bi Mwanahija akainuka. Alirudi kwake akilia njia nzima, kopo ameliacha pale pale mkekani. Waliendelea kutembeleana sikukuu kwa sikukuu, wakajuliana hali, wakaagana. Lakini Bi Mwanahija hakumpata tena binti yake, mpaka siku yeye mwenyewe alipoingia kaburini. Na kila aliyemwendea na ugomvi wa nyumbani alimwambia neno lile mlilolicheka, hilo moja tu, machozi yakimtoka.

Basi wewe Shemsa, uliyesema mdogo wako utamwomba radhi akishapoa, sikiliza: bado analia uani. Weka kikombe hicho chini, nenda. Biskuti ikipoa hukakamaa.