Yowe Lisilo Jina la Mtu

Kale hiyo, watu walikuwa hawajajua kupiga yowe. Aliyepatwa na janga alilitaja kwa jina lake, "Moto!" au "Nyoka!", na majirani wakaja na maji au fimbo. Ilitosha kwa wote, isipokuwa wake walioolewa.

Katika nchi ile ya migomba, mkamwana hakuruhusiwa kutamka jina la baba mkwe wake, wala kitu chochote chenye jina hilo. Tusekile aliolewa na mwana wa mzee aliyeitwa Chui, mzee wa amri, mkali kama pilipili. Tusekile alikwisha kurudishwa kwao mara moja, eti kwa sababu aliitaja kwa jina ngozi ya chui iliyoanikwa uani. Mama yake alimfuta machozi, akamwambia, "Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Rudi ukakae kwako." Tangu hapo akawa anamwita mnyama yule "wa vichakani", na moyoni alilichukia jina lile kuliko mnyama mwenyewe.

Siku moja alikuwa akipalilia, mwanawe Ambwene amelala kivulini mwisho wa konde. Alipoinua kichwa, akamwona chui amesimama juu ya mtoto. Neno lilimjia hadi menoni. Akalimeza, akatimka na jembe lake.

"Wa vichakani!" alipiga kelele. "Wa vichakani, jamani!"

Ng'ambo ya kijito watu waliegemea majembe yao. "Nani huyo wa vichakani?" mmoja akauliza.

"Labda mumewe karudi matembezini," mwingine akatania, wakacheka.

Mzee Chui, aliyekuwa akilima pamoja nao, peke yake ndiye aliyeelewa, maana heshima ile ilikuwa yake. Alikimbia huku akilia, "Chui! Chui!", akijitaja mwenyewe, na wenzake wakamfuata. Walipofika kivulini walimkuta Tusekile na nguo ya mtoto tu.

Mzee akampigia magoti mkamwana wake. "Nitaje, mama. Nitaje tu."

Hakumtaja. Kilichomtoka Tusekile kilikuwa sauti isiyo na neno ndani yake, "Uuuwi! Uuuwi!", na kila aliyeisikia, hata kwenye vilima vya mbali, alikuja mbio.

Wazee wakakaa kikao. Ungedhani wangeifuta desturi ile. Wapi! Walisema mila ni mila, wakaliongeza yowe.

Na tangu siku hiyo, mwenye janga halitaji. Hupiga uwi, sauti isiyo jina la baba wa mtu, na anayeisikia hutupa jembe akakimbia bila kuuliza. Wengi wameokolewa nayo. Aliyeipiga kwanza hakuwa na wa kuokolewa.