Vijino Kumi na Tisa vya Kipute

"Mko?"

"Tupo!"

"Masikio je?"

"Yamekaa kitako!"

Basi nayasikie haya. Hapo kale wanyama walilima shamba moja la matikiti. Wote walilima, wote walipalilia, lakini mgawaji alikuwa Fisi peke yake, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe: mwenye meno mengi ndiye anayegawa. Fisi alikuwa na meno thelathini na manne. Kila mavuno akagawa vile vile: matikiti kwake, maganda kwa wengine.

Bi Pimbi alikuwa na binti, jina lake Kipute. Jino la utoto la Kipute liling'oka mbele, masika mawili yakapita, jino la ukubwani halikutokea. Ufizi ulivimba tu. Kila Kipute akicheka, Fisi humzomea: "Hi-hi-hiii! Kibogoyo!" Mtoto akaacha kucheka, mama akaacha kulala.

Akampeleka kwa Kigogota, ndege fundi wa meno. Kigogota akapaka dawa ya ganzi, akagonga, ko! ko! ko!, akasikiliza.

"Usiogope, mama. Ni uvimbe tu, hauna ubaya. Ila umekaa njiani, jino limekosa pa kutokea."

Akapasua kidogo, akatoa kidonge kigumu. Lo! Ndani vijino vidogo vidogo kama punje za mtama, vimeshikana. Kigogota akataka kuvitupa.

"Usitupe," akasema Bi Pimbi, macho yakimng'aa. "Hebu nihesabie."

"Kumi na tisa."

Siku ya mavuno Fisi akapanua mdomo. "Thelathini na manne! Nani ananizidi?"

"Kipute," akajibu Bi Pimbi. "Mdomoni ishirini. Na haya hapa kwenye jani, kumi na tisa. Jumlisha."

"Hayo hayamo mdomoni!"

"Sheria yako imesema mwenye meno mengi. Haikusema ayaweke wapi."

Wanyama wakahesabu. Wakahesabu tena. Thelathini na tisa! Vigelegele! Kipute akapanda juu ya rundo, akagawa: hili lako, hili lako, hili lako. Fisi naye akapata lake moja. Akanung'unika, akala.

Miezi ikapita, jino likachomoza, jeupe pe. Kipute akang'ata tikiti, kwacha!

Ngano yangu imefika ukingoni. Mwenye njaa akale. Na funzo lake, wanangu, ni hili: jino likichelewa, fumbeni midomo, msiende kwa fundi hata kidogo. Mtaishia kugawia watu matikiti, na kazi hiyo inachosha mgongo!