Chupa Haina Shemeji

Chupa haina shemeji. Mmeisikia jana pale ghalani, mama mpima alipomjibu Kiondo, aliyetaka gunia lake la maharage yenye mawe lipite kama safi kwa kuwa ameoa kwao. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni chupa gani hiyo na shemeji ni nani. Mmefanya vizuri kuja kwangu, maana wengi huisema bila kujua ilikotoka. Juzi nilimsikia kijana mmoja akiwaeleza wenzake kwamba inahusu pombe. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kwetu Upare, nami nilikuwapo. Ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa. Mbele ya nyumba yake, mahali peupe pasipo na mti, palisimama kipima mvua. Ni mkebe wa shaba wenye mdomo wa faneli, na ndani ya mkebe huo mna chupa. Kila siku ilipofika saa tatu asubuhi Nakijwa aliitoa ile chupa, akamimina maji kwenye kioo chembamba chenye mistari, akasoma milimita, akaandika daftarini. Kazi hiyo aliianza baba yake, naye alipofariki binti akaendelea nayo. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri. Tulimwona kama mtu aliyekosa shughuli. Hata mimi nilimcheka, na nilikuwa na ulimi mkali kuliko sasa.

Wakati huo tulipanda kama walivyopanda babu zetu. Wiki ya pili ya Machi ilipofika, mvua ya kwanza ikigusa vumbi, kila mtu alikuwa shambani na mbegu. Lakini ikatokea miaka miwili mfululizo mvua ile ya kwanza ikatudanganya. Maharage yalitoka, yakafungua majani mawili, kisha jua likawaka wiki mbili na zaidi. Tulipoteza mbegu zote, tukapanda tena kwa mbegu za kuazima, tukavuna kidogo sana. Kila mtu akawa na lake la kusema. Wazee walisema vijana wamekata msitu wa matambiko, vijana wakasema wazee ndio waliouza mbao. Sisi akina mama tulisema mvua imepungua, basi.

Ndipo Nakijwa alipokuja mkutanoni na kikapu kichwani. Ndani yake mlikuwa na madaftari ishirini na sita, ya baba yake na ya kwake, mwaka kwa mwaka. Akasimama, na sauti yake ilikuwa ndogo, tukalazimika kunyamaza ili tumsikie.

"Mvua haijapungua," alisema. "Nimejumlisha. Maji yanayonyesha kwa mwaka ni karibu yale yale ya wakati wa baba. Kilichopungua ni siku. Zamani masika ilikuwa na siku za mvua kama hamsini. Sasa hazifiki thelathini na tano. Maji ni yale yale, ila yanakuja kwa mkupuo, na katikati yanatuacha."

Watu waliguna. Bwana shamba, aliyekuwa amekaa mbele, akamwomba yale madaftari akayapekua kwa muda mrefu. Kisha akatueleza, wala hakutumia maneno makubwa. Alisema moshi wa viwanda na magari, na wa misitu inayochomwa, umejaa angani na kulishika joto lisitoke, kama mtu aliyejifunika blanketi mchana. Hewa ya moto hunywa maji mengi kuliko hewa ya baridi. Huyafyonza baharini na mashambani, hukaa nayo, halafu huyamwaga yote mara moja. Alisema kwingine duniani barafu ya milimani inayeyuka na bahari inapanda hadi milangoni mwa watu, na chanzo ni hicho hicho.

Mtu mmoja alinyanyuka akauliza, "Sasa viwanda vyenyewe viko wapi? Mimi hapa nina jiko la mafiga matatu."

Mtu huyo alikuwa Mbonea, na lazima niwaambie habari zake, maana yeye ndiye shemeji wa methali. Mbonea alimwoa Namsifu, dada mkubwa wa Nakijwa. Ndiye aliyekuwa akipuliza baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, na ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva, bwawa tunalohifadhia maji ya kijito ili tuyagawane mashambani kwa zamu. Alikuwa mchapakazi na mcheshi, na hapakuwa na nyumba ambayo hajaisaidia. Nilipovunjika mkono, shamba langu alinilimia yeye, wala hakutaka hata uji. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, haraka.

Bwana shamba hakumficha. Alimjibu kwamba moshi mwingi ni wa mbali, na waliouwasha si sisi, lakini mvua haitatuuliza nani aliuwasha. Mbonea akakaa chini akinung'unika kwamba basi wenye viwanda waje wao wangoje, yeye ana watoto.

Siku hiyo tukapitisha kanuni. Hakuna kupanda wala kufungulia maji ya ndiva hadi chupa ya Nakijwa itimize milimita arobaini ndani ya siku kumi, kwa sababu madaftari yalionyesha kwamba mvua ikifika hapo, mara nyingi imekuja kukaa. Ikitimia, Mbonea atapuliza baragumu. Na ili pasiwe na maneno, kila wiki mtu mmoja atasimama na Nakijwa saa ya kusoma awe shahidi.

Mwaka uliofuata kila nyumba ilikuwa imebakiwa na debe moja la mbegu. Debe moja tu. Ukilipoteza hilo, wanao watakula mboga za porini hadi mwaka mwingine.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe zile zile tulizozizoea. Chupa ikatoa milimita kumi na nne. Baada ya siku mbili tatu ikatoa tisa, kisha nane. Udongo ukanukia ile harufu mnayoijua, na mikono ikatuwasha, lakini tukangoja. Shamba langu lilipakana na la Mbonea. Siku ya nane nilipita mpakani nikaona mistari ya kijani upande wake. Maharage yalikuwa yanachungulia. Alikuwa amepanda siku ile ile ya mvua ya kwanza, na hakumwambia mtu. Nilisimama pale nikamwonea wivu kwanza, nisiwafiche. Kisha nikamwonea huruma, nikaenda zangu kimya.

Siku ya kumi shahidi wa zamu nilikuwa mimi. Tulipofika kwenye kipima mvua tukamkuta Mbonea ameshafika, ameegemea uzio, baragumu shingoni. Nakijwa akamsalimu, akaitoa chupa, akamimina, akainua kioo usawa wa macho. Nami nikasoma.

"Ngapi?" akauliza Mbonea.

"Mbili," alisema Nakijwa. "Jumla thelathini na tatu. Bado saba."

Mbonea akacheka kile kicheko chake cha kumlegeza mtu. "Saba tu, shemeji. Andika tisa badala ya mbili. Nani atajua?"

"Mama huyu hapa atajua."

"Mama huyu ni jirani yangu, tumetoka mbali."

Nikatazama chini. Mkono wangu uliovunjika ulikuwa kama unaniuma upya.

"Una haraka ya nini, shemeji?" Nakijwa akamwuliza. "Mvua ikija kesho tutaanza kuhesabu upya."

Sijui nani alinisukuma, nikamjibia mimi, "Maharage yake yameshatoka."

Nakijwa akakiweka kile kioo juu ya nguzo taratibu. "Umepanda lote? Debe zima?"

"Zima."

"Dada anajua?"

"Anajua. Alinikataza." Sauti yake ilikuwa imebadilika, utani umekwisha. "Shemeji, nikilipuliza leo, kesho ndiva inafunguliwa, na zamu ya kwanza ni ya kwetu kule chini. Nataka maji ya siku moja tu yaishike ile miche. Hawa ni watoto wa dada yako. Mimi sijiombei."

Hapo Nakijwa alilia. Msidhani alikuwa mwanamke wa jiwe. Alilia waziwazi, akafuta macho kwa pembe ya kanga, na nilidhani ataandika tisa. Kwa kweli nilitamani aandike. Ningemshuhudia na kuapa.

"Nikiandika tisa," alisema, "kijiji kizima kitapanda kesho kwa neno langu. Ndiva ina maji ya siku nne. Mvua isiporudi, nyumba themanini zitakuwa kama yako. Wewe ni shemeji yangu, na nikibaki na tonge moja nitakumegea. Lakini hapa sisomi moyo wangu. Nasoma chupa, na chupa haina shemeji."

Akaandika mbili. Nikatia alama yangu pembeni.

Mbonea aliondoka bila kuaga. Alasiri Namsifu akamjia mdogo wake, nami nikajisogeza karibu, nikijua leo ndugu watararuana. Namsifu alisimama mlangoni akasema, "Ungeandika tisa ningekudharau. Ila leo nimekasirika, kwa hiyo usinisalimie mpaka Jumapili." Akageuka akaenda zake. Na Jumapili walisalimiana kweli, wakaenda kanisani pamoja.

Jua likawaka siku kumi na saba. Mbonea na mkewe walibeba maji kwa ndoo kutoka kijitoni hadi mabega yakachubuka, lakini kijito chenyewe kilikuwa uzi. Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa katikati ya shamba, anang'oa miche iliyokauka mmoja mmoja, anaitazama mizizi kana kwamba itamwambia kitu. Nilimpa pole. Akasema, "Nilijua, jirani. Nilijua ninachofanya."

Siku ya pili yake akapuliza baragumu. Watu walitoka mbio na mbegu mikononi, kumbe hakuita kupanda. Aliita msaragambo. Alisema kama shemeji yake anasema kweli kwamba siku hizi mvua inakuja kwa mkupuo, basi chombo chetu ni kidogo, na tusikae kulitazama jua. Tukaingia ndani ya ndiva na majembe. Siku tisa tulichimba, tukaongeza kina kimo cha mtu na kuinua ukingo kwa mawe. Mbonea alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na sikumsikia akitania hata mara moja, jambo lililotutisha kuliko jua.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha usiku mmoja kama iliyofukuzwa. Saa tatu asubuhi Nakijwa alimimina, akajaza kioo, akamwaga, akajaza tena. Milimita hamsini na mbili. Ndiva ilikuwa imejaa hadi kwenye mawe mapya, na kwa ukubwa wa zamani maji yale yote yangepita juu yakatuchukulia udongo.

Mbonea akapuliza baragumu la kupanda. Hebu fikirini, mtu anawaita wenzake shambani, na yeye mwenyewe hana hata punje. Alilipuliza mara tatu kama inavyotakiwa, akalifuta, akakaa ukingoni mwa ndiva akitazama maji.

Nakijwa ndiye aliyetangulia. Alikuja na debe lake, akachota bakuli moja la mbegu, akalimimina kwenye kofia ya shemeji yake. Nami nikatia langu. Nyuma yangu akaja mwingine, na mwingine, wote wanaelekea mashambani, kila mmoja anapita hapo na bakuli. Kofia ikajaa, Namsifu akatandika kanga. Kabla ya saa sita palikuwa na zaidi ya debe la mbegu, za kila rangi, nyekundu na njano na za madoadoa. Mwaka huo shamba la Mbonea lilichanua kama gulio, na tulilicheka hadi mavuno.

Lakini cheko lilianzia pale pale. Mbonea aliitazama ile kanga, akatutazama sisi, machozi yanamtoka na meno yako nje. Akasema kwa sauti ile ya kuitia watu kazini, "Wenzangu, kama shemeji angenipa zile saba nilizomwomba, leo nani kati yenu angekuwa na bakuli la kunipa?"

Kila mtu alilitazama debe lake, akajua jibu.

"Basi yashikeni maneno yake," akasema, akiinua kanga begani. "Chupa haina shemeji."