Msamaha wa Kaburini

Soma taratibu, halafu mpelekee yule jamaa yako anayesaini kwanza na kuuliza baadaye. Sina ubaya naye, namhurumia tu.

Shekue alinunua mashine ya kusaga kwa Mzee Hoza. Hakuwa na pesa taslimu, basi Mzee Hoza akaandika hati ya kumtaka amlipe yeye, au yeyote atakayekabidhiwa hati hiyo, baada ya miezi minne. Shekue akasaini chini kwamba amekubali. Wakanywa kahawa, wakaagana.

Haukupita muda Mzee Hoza akaugua. Katika kuhangaikia matibabu, akaiuza ile hati benki kwa bei pungufu, akasaini nyuma yake kuikabidhi. Hata wanawe hakuwaambia. Siku ya malipo ilipokaribia, akafariki.

Shekue alikwenda mazikoni na pesa zote mfukoni mwa kanzu, kwa nia ya kuwalipa wafiwa. Baada ya dua akasimama Mbelwa, mtoto mkubwa wa marehemu, kama ilivyo desturi yetu.

"Anayemdai baba aje kwetu," alisema, machozi yakimtoka. "Na wote aliokuwa akiwadai, tumewasamehe."

Jamani, nani asingeshukuru? Shekue alilia kuliko wafiwa. Pesa zile akanunua mabati, akaezeka nyumba.

Benki ikamwandikia alipe. Akacheka. Ikamwandikia tena, barua akaichana. Ikamshtaki.

Mahakamani Mbelwa aliapa kwamba kweli alisamehe. Wazee waliokuwa mazikoni nao wakaapa. Hakimu akawasikiliza wote, kisha akavua miwani.

"Nawaamini, neno kwa neno," alisema. "Lakini siku ile hati ilikuwa imeshakuwa mali ya benki. Mtu hasamehi kisicho chake. Benki ina haki ya kudai, na wewe Shekue ndiye uliyesaini. Uliuliza hati iko wapi?"

"Pale kaburini, mheshimiwa? Ningeanzaje? Na pesa nilikuwa nazo mfukoni!"

Alishindwa kulipa, mashine ikapigwa mnada, na familia yake ikabaki chini ya mabati mapya bila riziki.

Mbelwa akamfuata, akamkuta amekaa kwenye banda tupu, unga bado umeganda ukutani.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuponza. Nisamehe."

Shekue akasogea, akampa nafasi ya kukaa.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," alisema. "Msamaha huu ninao mwenyewe."

Funzo: Ukisamehewa deni, shukuru, kisha weka haya kando kidogo na uulize hati iko kwa nani. Aliyeishika ndiye anayekudai, na huyo peke yake ndiye awezaye kukusamehe.