Kipande cha Bati Ndani ya Drili

Ndugu zangu, sogeeni mbele, nafasi ipo. Wewe uliyeegemea nguzo, usinilalie. Mfano wa leo una kelele za chuma.

Walikuwapo mafundi wawili, ndugu wa tumbo moja, wenye karakana kando ya barabara. Mali yao kubwa ilikuwa drili ya kusimama, ile mashine nzito ya kutobolea chuma. Baba yao aliinunua kiwanda cha katani kilipofungwa. Iliwazidi umri wote wawili, na bado ilikuwa ikitoboa tundu safi, unaingiza bolti bila kubembeleza.

Siku moja ikaanza kucheza. Biti, yaani kile chuma chake kinachotoboa, badala ya kuzunguka pale pale ikawa inayumba kama mlevi. Tundu linatoka na umbo la yai. Bawaba hazikai, wateja wananuna. Kaka mtu akatafuta mkosaji, wala hakwenda mbali. Akamgeukia mdogo wake mbele ya watu: "Ni wewe uliyetoboa ile springi ya lori! Umeipinda shafti. Mashine ya baba umeiua." Shafti ndiyo ule mhimili wa chuma unaoizungusha biti.

Maneno yakazaa maneno. Mdogo mtu akakusanya vyombo vyake, akavuka barabara, akafungua kibanda cha kuchomelea mageti. Miaka minne, jamani! Wanaonana kila asubuhi wakifungua milango, salamu hakuna. Idi ikifika, mama yao anampokea mmoja asubuhi na mwingine alasiri, ili asiwaone wakipeana migongo sebuleni kwake. Niambieni, pilau la Idi ya namna hiyo linapita kooni?

Na kaka mtu hakukaa bure. Alibadilisha biti, alibadilisha beringi, alikaza meza, aliweka tofali chini ya mguu wa mashine. Inacheza tu. Mteja akilalamika anapewa hadithi: "Ni mdogo wangu huyo, aliipinda shafti." Mtaa mzima ukaijua kwa moyo. Sababu ni tamu, ndugu zangu. Ukishakuwa nayo, spana unaiweka chini.

Sasa siku moja akaja mama mmoja, fundi mitambo, amefanya kazi na mashine maisha yake yote. Alikuwa na kipande cha chuma cha pampu, anataka matundu manne. Kaka mtu akatoboa la kwanza, likaenda upande. Akafungua mdomo aanze hadithi yake. Mama akainua mkono.

"Zima umeme, fundi. Tuizungushe kwa mkono."

Akashika msumari karibu kabisa na biti, akaizungusha polepole. Upande mmoja inagusa msumari, upande wa pili inaacha upenyo. Akachomeka kabari juu ya lile taya linalouma biti, akagonga mara moja, taya likatoka. Halafu akaipima shafti yenyewe vile vile. Msumari ukagusa sawasawa pande zote.

"Shafti yako imenyooka."

"Haiwezekani, mama. Imepindwa hiyo."

"Imepindwa na nani, wakati haijapinda?"

Akaligeuza taya. Ule mkia wake uliochongoka, unaoingia ndani ya shafti, ulikuwa umevikwa kipande cha bati la kopo la mafuta. "Na hiki," akauliza, "nani alikiweka?"

Kaka mtu akakibandua, akakitazama. Alikumbuka. Wakati ule taya lilikuwa likidondoka dondoka. Kitu kikilegea sisi tunafanyaje? Si tunakata bati, tunasokomeza, siku inakwenda? Alikiweka yeye, kwa mkono wake, wiki ile ile mashine ilipoanza kucheza.

"Lilikuwa linadondoka kwa grisi na vumbi tu," mama akamwambia. "Hapa panataka chuma kikavu kwa chuma kikavu." Akafuta kwa kitambaa, ndani na nje, akalirudisha taya, akaligonga kwa nyundo ya mbao. Washa! Biti ikatulia tuli. Mama akatobolewa matundu yake, mviringo kamili, akaondoka. Dakika kumi.

Kaka mtu akabaki na kile kibati kiganjani. Angeweza kukitupa. Nani angejua? Wewe ungefanyaje? Usinijibu, nakuona.

Lakini huyu alivuka barabara. Mtu mzima, na ndevu zake. Akakiweka kibati juu ya meza ya mdogo wake. Akasema, "Shafti haikupinda."

Mdogo mtu akavua miwani ya kuchomelea, akakitazama. "Najua, kaka. Nilikuona siku unakiweka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema siku ile ile. Ukaniambia, siku nitakapozaliwa kabla yako ndipo nikufundishe kazi."

Kaka mtu akakosa pa kuweka uso. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Akasema, "Basi leo nifundishe."

Mdogo mtu akazima mashine yake. Wakavuka pamoja.

Sasa naona mnatikisa vichwa. Mnasema moyoni, "Kaka mkubwa huyo, kiburi chake!" Ni kweli, na sisi wakubwa tuliomo humu tuseme ukweli: mara ngapi tumeambiwa na mdogo, na mke, na jirani, tukajibu kwa umri wetu badala ya kuzima umeme na kupima?

Lakini na yule wa ng'ambo ya barabara tusimsahau. Alikuwa na haki. Akaikalia haki yake kama kigoda, miaka minne, akiangalia mama yake anapika Idi mara mbili. Hakusema tena. Ukinyamazishwa mara moja, udugu ndio umekwisha? Tunajua kosa liko wapi, tunajua ni dogo, tunangoja mwenyewe avuke.

Na mashine haikuwa imekufa, ndugu zangu! Hilo ndilo linalonifurahisha mimi. Udugu mnaosema umepinda, mwingi haujapinda. Kwa ndani bado umenyooka. Kuna kitu kidogo kimesokomezwa katikati, kinatolewa kwa vidole viwili, leo hii.

Imebaki nusu saa kabla ya Magharibi, na simu mnazo mifukoni. Mimi darsa nakatiza hapa. Sikai kujibu maswali leo, mnisamehe. Nina ndugu yangu Handeni, mwaka wa pili huu hatusemi, na mwenye haki ni mimi. Natoka kwenda kumpigia.