Kufuli Mbili za Ghala la Wakfu

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Iraki palikuwa na ghala la wakfu lililohifadhi ngano ya mafukara, na mlango wake ulikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao msimamizi, Sheikh Utba bin Nuaimu. Wa pili alikabidhiwa Bibi Rumaisa, mjane mcha Mungu. Hakuna aliyeingia peke yake. Watu walinung'unika: mtu kama Utba naye wa kuchungwa?

Rumaisa mwenyewe aliona haya. Mumewe alipofariki, ni Utba aliyetoa sanda, na chumba alichokaa kilikuwa cha Utba. Kumsimamia mfadhili wako mlangoni kila asubuhi si jambo jepesi.

Ukaja mwaka wa ukame. Siku moja baada ya Alasiri, Utba akabisha hodi kwake, macho yameingia ndani.

"Bibi, niazime ufunguo wako."

"Kuna nini, sheikh wangu?"

"Watoto hawajala tangu jana. Nitachukua pishi moja tu, nitairudisha mavuno yakifika. Wallahi."

Njaa mwana malegeza. Rumaisa alijua kwamba hasemi uongo, na moyo ulimuuma mno. Alijua pia kwamba akikataa, huenda kesho hana pa kulala. Akamtaja Mola wake kimoyomoyo, akaingia ndani, akatoka na unga wake wa jioni.

"Huu ni wangu, wapelekee watoto. Ufunguo si wangu, siwezi kukupa. Lakini sheikh, ngano ile ni ya wenye njaa. Kwani wewe umeshiba? Njoo kesho na kikapu chako, usimame mstarini kama wengine."

"Mimi? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Utba alichukua unga, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi walifungua pamoja, kila mmoja kufuli yake. Utba akatoka nje, akawapita watu wote, akasimama mwisho wa mstari na kikapu chake. Rumaisa machozi yakamtoka. Muda si muda, nyuma ya Utba wakajipanga wengine wawili, watu na heshima zao, waliokuwa wakifa njaa kimya kimya kwa kuona haya.

Ndugu zangu, si kila hiana huanza na uovu. Nyingine huanza na haja ya kweli, mlango usio na mlinzi, na neno "nitarudisha". Basi tusimwachie mwema ufunguo peke yake tukadhani tumemheshimu, kumbe tumemtupa mtihanini. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.